Zoezi la Nne

Saa tatu asubuhi na nje bado giza totoro,
Januari ya kaskazini, Uswidi, mji wa mgodi.
Wanafunzi kumi na mmoja, buti zao mlangoni zinachuruzika.
Nagawa karatasi.
Pigeni mstari chini ya tamathali, itajeni jina.
Kama hakuna, andikeni: kawaida.

Ya kwanza ni mteremko.
*Theluji ni nyeupe kama maziwa.*
"Tashbihi!" wanaitikia, "kuna *kama*."
Nawaonya: huyo *kama* msimwamini kila mnapomwona.
*Sijui kama atakuja*: hapo halinganishi kitu,
anapita njia tu, mikono mfukoni.
Aslak anacheka. "Mwalimu, umempa *kama* mikono.
Tashihisi."
Nampa alama ambayo haikuwamo kwenye zoezi.

Ya pili: *Bibi yangu ni jiwe.*
Sitiari, haina ubishi.
Ila Ristin anauliza: "Bibi yangu *ana* jiwe. La figo. Hiyo je?"
Kawaida, namwambia.
"Yeye anasema si kawaida hata kidogo."

Ya tatu: *Nilingoja basi miaka mia.*
Chuku, wanaandika wote, isipokuwa Eino
anayetoka kijiji cha mwisho wa njia,
ambaye ameacha wazi, anafikiri.

Ya nne: *Kanisa lilishuka mtaani polepole.*
Karatasi yangu ya majibu inasema tashihisi.
Jouni, ambaye tangu Oktoba hajainua mkono,
ameinua mkono.
"Kawaida," anasema. "Mimi nililiona."

Na kweli lilishuka. Sote tulikuwepo.
Chini yetu wamechimba hadi ardhi imelegea,
basi wakalipandisha kanisa juu ya magurudumu,
madirisha yake yote, kengele yake, misumari yake,
likatupita mbele ya duka la viatu
taratibu kuliko mzee anayetoka kwa daktari.
Mama yake Jouni alivua kofia. Baridi ilikuwa kali.
Karatasi hii ilichapwa kusini,
kwenye makanisa yanayokaa mahali pake.
Nakata *tashihisi*. Naandika *kawaida (huku kwetu)*.

Ya tano sikuipenda tangu mwanzo.
*Mlima unakula mji.*
Darasa linagawanyika. Aslak: una mdomo? Basi tashihisi.
Ristin: saa saba usiku baruti ikilipuka chini
vikombe vya bibi kabatini vinasema *kilikili*,
na ufa wa jikoni umefika kwenye saa ya ukutani.
"*Kilikili* ni tanakali," anaongeza,
kwa kuwa ni mtoto mwenye bidii.

Ndipo Jouni anatoa barua mkobani,
imekunjwa mara nne, ina nembo ya kampuni.
"Na hii ni ipi?"
*Tunayo furaha kuwajulisha kwamba nyumba yenu
sasa imo ndani ya eneo la mageuzi.*

Tunaipekua kama askari wa forodha.
*Kama* hayumo. Hakuna mnyama wala jiwe.
Hakuna kilichotiwa chumvi; chumvi ndiyo iliyotolewa.
Kimya, ji.
"Tafsida," anasema Eino hatimaye.
"Kejeli," anasema Ristin. "Angalia hiyo *furaha*."
Namwambia kejeli huhitaji msemaji ajue anachosema.
Ananitazama. "Nani kasema hawajui?"

Kengele. Buti, zipu, mlango, baridi inaingia.

Jioni nasahihisha.
Swali la sita liliwataka watunge sentensi yao wenyewe,
yenye tamathali moja au zaidi.
Aslak ameandika kuhusu pikipiki ya theluji inayonguruma kama mjomba wake.
Jouni ameandika:
*Nyumba yetu ina miaka sitini na miwili.
Wanaibomoa Alhamisi.*

Natafuta pa kupiga mstari.
Nasoma kwa sauti, nasoma kutoka nyuma.
Nampa alama zote. Nazifuta, maana swali lilikuwa wazi.
Kisha nazirudisha,
na karatasi pale imechakaa kwa ufutio
hadi unaona meza.